Tumkumbuke Arthur Holmes tunapofundisha habari za ardhi inayosogea

Kuna mchoro mmoja ambao kila mwanafunzi wa jiografia katika shule zetu za upili huujua. Ni mchoro wa mishale inayopanda kutoka matumbo ya dunia, ikatandaa chini ya ganda la juu, kisha ikashuka tena kule ilikotoka. Mishale hiyo huitwa mikondo ya myuko. Mwalimu huichora ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, mtihani huuliza ni nini kinachosukuma mabamba ya ardhi, naye mwanafunzi hujibu kama alivyofundishwa, akapata alama zake akaenda zake. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza ni nani aliyeichora mishale hiyo kwanza, alijuaje mambo ya huko chini ambako hakuna mwanadamu aliyefika, na ilimgharimu nini.

Jina la mtu huyo ni Arthur Holmes. Nimeona vyema leo kuyaeleza maisha yake katika safu hii kwa sababu mbili. Kwanza, elimu isiyo na asili yake ni kama mti usio na mizizi. Hutikiswa na upepo mdogo ukaanguka. Pili, sisi wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna haki ya kujua kwamba ardhi yetu ilikuwa na sehemu katika kumlea mtaalamu huyo, na karibu ikawa kaburi lake.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na mji wa Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa seremala wa samani, na nyumba yao ilikuwa ya watu wacha Mungu, si matajiri wala si mafukara. Katika Biblia ya wazazi wake, pambizoni mwa ukurasa wa kwanza, palikuwa pamechapishwa mwaka ambao dunia iliaminiwa kuumbwa, yaani mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hesabu hiyo ilipigwa na Askofu Mkuu Ussher wa Ireland katika karne ya 17. Kijana huyo hakuikejeli. Lakini alishangaa ni kwa nini ziwe elfu nne na nne, wala si elfu nne kamili. Ile nne ya mwisho ilimkaa moyoni. Mtoto mwenye kuuliza swali la namna hiyo, wazazi na walimu wapendwa, si mtundu. Ni mtaalamu anayechipuka.

Wakati huo wanasayansi nao walikuwa na hesabu yao. Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wote katika enzi yake, aliichukua dunia kuwa ni kitu cha moto kinachopoa polepole, akakadiria kwamba haikuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 20 hadi 40. Hesabu yake haikuwa na kasoro kwa mujibu wa yale aliyoyajua. Kasoro ilikuwa katika yale asiyoyajua. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa miali yenyewe, jambo tuliitalo sasa unururifu, na mwaka 1903 Pierre Curie na mwenzake Albert Laborde wakaonyesha kwamba madini ya namna hiyo hutoa joto bila kukoma. Basi dunia haikuwa chungu kilichoepuliwa mekoni kikaachwa kipoe. Kuni zilikuwa ndani ya chungu chenyewe.

Holmes alipata ufadhili wa masomo akaenda London mwaka 1907 kusomea fizikia, kisha akageukia jiolojia. Akiwa bado mwanafunzi alishika kazi ambayo wengi waliiogopa: kupima umri wa mawe kwa kulinganisha kiasi cha urani kilichomo na kiasi cha risasi ambayo urani hugeuka kuwa baada ya muda mrefu. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, matokeo yake yalitolewa hadharani. Jiwe moja la Norway lilipata umri wa miaka milioni 370. Jingine la Ceylon, nchi tuijuayo leo kwa jina la Sri Lanka, lilipita miaka milioni 1,600. Hesabu ya Kelvin ikawa imeanguka.

Elimu hiyo kubwa, hata hivyo, haikumjaza tumbo. Ufadhili wake ulikuwa pauni 60 kwa mwaka mzima, naye alikuwa na madeni. Kampuni moja ya kutafuta madini ilipomwahidi pauni 35 kila mwezi, alikubali, akapanda meli mwaka huo huo wa 1911 kuja Msumbiji. Alitembea bara la kaskazini mwa nchi hiyo kwa miezi kadhaa akitafuta mali chini ya ardhi. Mali haikuonekana. Kilichoonekana ni malaria. Ilimshika vibaya mno hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao Uingereza kabla hajafa. Alinusurika, akarudi kwao akiwa mgonjwa, na masalia ya homa ile yalimwandama kwa muda.

Hapa naomba tusite kidogo. Safari za namna hiyo katika Afrika ya wakati huo zilibebwa mabegani na wapagazi, zikaongozwa na wenyeji walioijua njia, maji na milima. Majina yao hayamo katika vitabu vya jiolojia. Tunapomsifu Holmes, nasi tunapaswa kumsifu, tusiwasahau watu hao ambao bila ya miguu yao jiwe lolote la Msumbiji lisingalifika katika maabara ya London. Mgala muuwe na haki yake mpe. Na mpagazi naye apewe yake.

Mawe yale hayakupotea bure. Mwaka 1918 Holmes alitoa maelezo marefu juu ya miamba ya kale ya Msumbiji. Baadaye, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1951, ndiye aliyeupa jina la Ukanda wa Msumbiji ule mfululizo wa miamba iliyofinyangwa kwa joto na mkandamizo, unaotoka Msumbiji ukapita Tanzania na kuingia Kenya hadi Ethiopia. Mwanafunzi wa Voi anapotazama vilima vya Taita, au mwenzake wa Lushoto anapotazama milima ya Usambara, anatazama mizizi ya milima mikubwa zaidi iliyoinuka mabara ya kale yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mawe ya thamani yachimbwayo Taita Taveta ni mazao ya mgongano huo.

Tuendelee na maisha yake, maana hayakuwa mepesi. Mwaka 1913 alichapisha kitabu juu ya umri wa dunia, na mwaka uliofuata akaoa. Mwaka 1920 dhiki ya fedha ilimpeleka Burma kuwa mkuu wa wanajiolojia katika kampuni ya mafuta. Kampuni hiyo ilifilisika. Kabla ya kurejea Uingereza mwaka 1922, mwanawe wa umri wa miaka mitatu alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Mtu aliyekuwa ameipima dunia umri wake alirudi nyumbani bila kazi, bila fedha na bila mtoto. Kwa muda alikuwa muuza duka mjini Newcastle, akichuuza vitu vya urembo kutoka Mashariki ya Mbali. Mwaka 1924 ndipo Chuo Kikuu cha Durham kilipomwita kuanzisha idara ya jiolojia, ambayo mwanzoni mwalimu wake alikuwa ni yeye peke yake.

Katika miaka hiyo wanajiolojia walikuwa wakigombana juu ya rai ya Mjerumani Alfred Wegener. Tangu mwaka 1912 Wegener alikuwa akidai kwamba mabara yote yalikuwa yameshikana zamani, kisha yakaachana. Ushahidi wake ulikuwa mwingi, na mwingine uko karibu nasi. Karibu na Tanga ulipatikana mnyama wa jamii ya mijusi, aliyegeuka jiwe, ambaye mwaka 1924 alipewa jina la Tangasaurus kwa heshima ya mji huo. Jamaa zake wa karibu wamepatikana Bukini, ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji. Kiumbe cha maji ya bara kilivukaje bahari ile? Wegener alijibu kwamba hakukuwa na bahari ya kuvuka.

Lakini Wegener alikwama katika swali moja: ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima? Nguvu alizozitaja zilikuwa dhaifu mno, na Harold Jeffreys wa Cambridge, bingwa wa hesabu za dunia, alizikataa waziwazi. Wegener alifia katika barafu za Greenland mwaka 1930 bila kupata jibu lililowaridhisha wakosoaji wake.

Holmes alikuwa nalo mkononi, kwa sababu alitoka katika mlango mwingine. Yeye hakuanza na ramani. Alianza na joto. Alijua kwamba miamba ina urani, thori na potasi, na kwamba vitu hivyo hutoa joto kila saa, mwaka hata mwaka. Wakazi wa Kwale wana kilima chao cha Mrima, ambacho udongo wake una thori nyingi hata vyombo vya kupimia miali huitambua kwa urahisi. Miamba ya kawaida ina kiasi kidogo sana, lakini dunia ni kubwa. Joto hilo lote lazima litoke. Likitoka kwa kupenya mwamba tu, kasi yake ni ndogo mno. Basi Holmes akasema kwamba tabaka nene lililo chini ya ganda, liitwalo mantili, lazima lenyewe lizunguke.

Mfano wake uko jikoni mwa kila mmoja wetu. Weka maziwa motoni. Yale ya chini hupata joto, hutanuka, huwa mepesi, hupanda. Yakifika juu hupoa, huwa mazito, hushuka kandoni. Utando unaofanyika juu husukumwa huku na huku, mara ukapasuka katikati, mara ukajikunja ukingoni. Utando huo ndio mabara na sakafu ya bahari. Maziwa ndiyo mantili.

Mfano huo, hata hivyo, una hatari yake, na walimu tuitahadhari. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba chini ya miguu yetu mna bahari ya moto wa kimiminika. Sivyo. Mantili ni mwamba mgumu, na mawimbi ya mitetemeko ambayo hayawezi kupita katika vimiminika hupita humo bila kizuizi. Lakini mwamba wenye joto kubwa na kukandamizwa sana, ukipewa muda wa mamilioni ya miaka, hutiririka kwa sentimita chache kila mwaka, kama vile lami iliyo ngumu kwa nyundo inavyobonyea polepole chini ya mzigo uliokaa juani. Ni mtu aliyekwisha kuzoea kuhesabu umri kwa mamilioni ndiye aliyeweza kulielewa jambo hilo. Asiyekuwa na saa ya Holmes asingaliweza kuwa na mishale ya Holmes.

Rai hiyo aliieleza mbele ya wanajiolojia wa Glasgow mwezi wa Januari 1928, ikachapishwa mwaka 1931. Alichora mkondo unaopanda chini ya bara, ukalipasua, ukavuta vipande kulia na kushoto, na bahari mpya ikazaliwa katikati. Alichora vilevile mahali mikondo inaposhuka na kuivuta sakafu ya bahari chini pamoja nayo. Hakudai kwamba amethibitisha. Alisema wazi kwamba ni dhana ingojayo ushahidi. Wengi walinyamaza, wengine wakapinga, naye hakuwatukana wala hakuiacha rai yake. Wakati huo aliendelea na kazi nyingine, zikiwemo za kuchunguza miamba ya volkano ya Uganda, kutoka Bufumbira na kandokando ya Ruwenzori. Mwamba mmoja wa huko aliupa jina la katungaiti mwaka 1937, kutokana na volkano ya Katunga.

Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1938, na mwaka 1939 akamwoa Doris Reynolds, naye mwanajiolojia mashuhuri kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1943 alihamia Edinburgh kuwa profesa, na mwaka 1944 akatoa kitabu kikubwa cha mafunzo ya jiolojia ambacho sura yake ya mwisho ilikuwa juu ya mabara yanayosogea na mikondo inayoyasogeza. Hivyo, wakati vyuo vingi bado viliicheka rai hiyo, wanafunzi wa nchi nyingi walikuwa wakiisoma katika kitabu chake. Wakubwa wasiposikia, aliwaambia vijana.

Ushahidi ulikuja mwishowe, tena kutoka baharini. Mnamo 1962 Mmarekani Harry Hess alieleza jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa katika migongo ya katikati ya bahari na kutandaa pande mbili. Mwaka 1963 Waingereza Vine na Matthews wakatoa hoja ya kuipima kwa sumaku iliyohifadhiwa katika miamba. Mwaka 1964 Holmes alipewa Tuzo ya Vetlesen, mojawapo ya heshima kubwa kabisa katika fani hiyo. Alifariki London tarehe 20 Septemba 1965, sayansi ya mabamba ya ardhi ikiwa ndiyo kwanza inasimama kwa miguu yake.

Je, mishale yake ilikuwa sahihi? Kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini si yote. Wataalamu wa leo wanaona kwamba mabamba hayakai tu juu ya mikondo kama mizigo juu ya mkokoteni. Bamba lenyewe ni sehemu ya mzunguko. Sakafu ya bahari iliyozeeka hupoa, huwa nzito, huzama ndani ya mantili, na katika kuzama huvuta bamba zima nyuma yake. Mvuto huo wa upande unaozama ni mkubwa kuliko msukumo wa chini. Huku kwetu, chini ya Afrika, mitetemeko imeonyesha eneo kubwa mno la mwamba wenye joto linalopanda kutoka kina cha kusini na kuja chini ya Afrika Mashariki. Ndilo linaloaminiwa kuinua nyanda zetu za juu na kusaidia kulifungua Bonde la Ufa, ambako tumechimba mvuke wa Olkaria na kuwasha umeme wake tangu mwaka 1981.

Nalo jambo la kusogea si la kukisiwa tena. Kituo cha anga kilichoko Malindi kina chombo kinachopokea ishara za setilaiti, na vipimo vyake vinaonyesha kwamba pwani yetu husogea kiasi cha sentimita 3 kila mwaka kuelekea kaskazini mashariki. Sehemu kubwa ya mwendo huo tunashirikiana na Afrika yote. Tofauti yetu na wenzetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa ni milimita chache tu kwa mwaka. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo Bukini ilivyoachana na pwani hii zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na chokaa ya Kambe, katika Kaunti ya Kilifi, ni ushahidi wa bahari iliyoingia katika ufa huo.

Sasa nifike Marafa, maana ndiko hoja yangu iliko. Korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari na wageni huliita Jiko la Jahanamu, hupokea makundi mengi ya wanafunzi. Nimewasikia baadhi yao wakiandika kwamba korongo lile ni tawi la Bonde la Ufa, lililopasuliwa na mikondo ya myuko. Wamejifunza jibu moja, basi hulitia katika kila swali. Ukweli ni kwamba Marafa ni kazi ya mvua. Tabaka za mchanga na udongo laini, nyekundu, nyeupe na za manjano, hukatwa na maji ya kila masika, zikabaki nguzo na kuta kali. Bandu bandu huisha gogo, na ukingo wa korongo hula ardhi ya juu kidogo kidogo.

Wazee wa Marafa wana kisa chao: kwamba hapo palikuwa na jamaa matajiri waliooga maziwa wakati majirani zao wana njaa, Mungu akawadidimiza, na weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Sipendi kusikia mwalimu akikicheka kisa hicho. Kinafundisha adabu ya kugawana, na kinaonyesha kwamba watu hawa waliona rangi za mwamba wakataka sababu. Hilo ndilo alilolifanya mtoto wa Gateshead mbele ya ile nne. Kazi ya mwalimu ni kusimama pale ukingoni na kuuliza swali linalofuata: tutajuaje?

Na swali hilo likifuatwa kwa uaminifu, litawafikisha wanafunzi hadi kwa Holmes kwa njia ya haki. Joto la chini limeinua bara. Kwa sababu bara limeinuka, mito huteremka kwa nguvu. Ndiyo maana mto Athi hutoka nyanda za juu, ukabadili jina kuwa Galana na kisha Sabaki, ukaja kuigeuza ghuba ya Malindi kuwa nyekundu kila msimu wa mvua. Moto hujenga, maji hubomoa. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba hizo ni kazi mbili, na kwamba moja haiwezi kuelezwa kwa jina la nyingine, amejifunza zaidi ya yule aliyenakili mishale mia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mambo matatu. Mnapochora mishale ile, tajeni jina la aliyeichora na mwaka. Semeni pia ni wapi imerekebishwa, ili kijana ajue kwamba elimu haijafungwa mlango. Na kabla ya kutoa jibu, mpeni nafasi ya kukaa na swali lake, hata kama kengele imekaribia. Holmes alikaa na lake zaidi ya miaka thelathini, katika homa, msiba, ufukara na kupuuzwa, kabla ya dunia kukiri kwamba inasogea. Mtoto wa Marafa, wa Ganze au wa Magarini hana upungufu wa akili wala wa mawe ya kuyatazama. Anachohitaji ni mtu wa kutomkatiza anapouliza kwa nini ziwe elfu nne na nne.